Mteja wa Alasiri

Mahdia, Jumamosi, 4 Agosti 1973

Kaka Hedi,

Tumefika salama. Kabla hujaanza kunilaumu kwamba nimechelewa kuandika, ujue karatasi iko juu ya goti langu, Rym amelalia mkono wangu, na Olfa yuko mlangoni ananiuliza kwa mara ya sita kama bahari hufungwa jioni.

Tulitoka Kef alfajiri. Mama alikohoa mpaka Kairouan, halafu akanyamaza. Nikadhani amelala. Kumbe yuko macho, mikono ameifumbata mapajani kama mtu anayepelekwa kwa hakimu.

Unajua safari hii ilivyoanza. Daktari alisema kifua cha Mama kinataka hewa ya bahari wiki tatu. Baba akasema Tabarka, ni karibu, na binamu yake ana nyumba kule. Mama, ambaye tangu tuzaliwe hatujamsikia akimbishia Baba hata kwa habari ya chumvi, akasema, "Ni Mahdia, au nifie hapa hapa." Baba akamtazama kwa kitambo kirefu, Hedi, halafu akatoka kwenda mkahawani. Kesho yake akaniambia, "Mpeleke." Basi. Hakuja hata kituoni kutuaga.

Sasa sikiliza. Siku zote Mama ametuambia hajawahi kuiona bahari, sivyo? Tuliposhuka garini nilikuwa natafuta mtu wa kumwuliza njia. Mama akamshika Rym mkono, akapita chini ya lango la mji wa kale, refu lenye giza, kama anayeingia jikoni kwake, halafu akakata kushoto kwenye kichochoro ambacho mimi nisingekiona.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Bahari iko huku."

"Umejuaje?"

"Nimesikia harufu."

Hedi, harufu ya bahari ilikuwa inatoka pande zote.

Na jana, na leo tena, tukimaliza chakula cha mchana, anajitanda sefsari yake nyeupe anatoka peke yake. Harudi mpaka magharibi. Nikimwuliza ananijibu, "Napunga hewa. Si ndiyo dawa mliyonileta niinywe?" Binti zangu wanacheka. Mimi sicheki. Unamkumbuka shangazi Mannoubia, alivyoanza kuzunguka mitaani akitafuta nyumba iliyobomolewa zamani? Naye alianza hivi hivi, kwa kutoka kidogo tu.

Mume wangu amebaki Kef na mitihani ya wanafunzi wake. Huku sina mtu wa kumwuliza. Niambie nifanye nini.

Dada yako,
Nejia


Saint-Étienne, Ijumaa, 10 Agosti 1973

Nejia,

Barua yako nimeipata leo nikitoka kiwandani, nimekujibu kabla sijanawa mikono, kwa hiyo usishangae haya madoa.

Kwanza, Mama hana wazimu. Toa wazo hilo kichwani. Mtu mzima akitaka kutembea, anatembea.

Pili, usimwache atembee peke yake. Najua haya mawili hayapatani, lakini fanya hivyo hivyo. Mpeleke upande wa mchangani na watoto, mnunulieni matunda baridi ya mpungate, mwombe amfundishe Olfa kusuka nywele, chochote. Au hameni kabisa. Nendeni Monastir. Bahari ni ile ile na daktari hatajua.

Tatu, usiwaulize wenyeji habari za zamani. Wenyeji wa miji ya pwani wana maneno mengi.

Nne, na hili ndilo kubwa: usimwandikie Baba kwamba anatoka. Hata kwa mzaha. Mwandikie kwamba kifua kinaendelea vizuri na samaki ni wengi. Usiniulize kwa nini. Kuna siku nitakueleza tukiwa tumekaa pamoja.

Wabusu wasichana. Mwambie Olfa bahari hufungwa saa mbili, na ufunguo anao mjomba wake.

Hedi


Mahdia, Jumapili, 12 Agosti 1973

Kaka Hedi,

Barua yako bado, na mimi siwezi kungoja. Nimemfuata.

Mtoto anayemfuata mama yake kama askari kanzu sijui anaandikiwa dhambi gani, lakini nimemfuata. Wasichana niliwaacha kwa mama mwenye nyumba, nikajitanda sefsari mpaka puani. Mama alipita nyuma ya ngome, akateremka kule makaburi meupe yanakoshuka mpaka kwenye mawe ya bahari, akafika kwenye nyumba yenye mlango wa buluu. Hakubisha hodi. Alisukuma akaingia.

Nilisimama juani nusu saa. Mwisho nikabisha. Akafungua mwanamke wa miaka arobaini hivi, mrefu, sindano ameibana kwa midomo.

"Namtafuta mama yangu," nikamwambia.

Akaitoa sindano, akanitazama usoni polepole, kama fundi anayetafuta kosa kwenye mshono. "Mama yako," akasema. "Haya, pita. Yuko ndani."

Mama yuko kwenye kigoda, miguu ameikunja, ametulia kama yuko kwake. Aliponiona akabadilika rangi.

"Nejia! Nani amekuita huku?"

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Nashonesha."

"Unashonesha nini?"

"Vazi la harusi."

"La nani?"

"La Olfa."

"Mama! Olfa ana miaka tisa!"

"Kazi ya nyuzi za dhahabu haitaki haraka," akasema yule mwanamke, wala hakucheka.

Anaitwa Beya. Ni mtarizi, watu wanasema hana mwenzake mjini. Mjane, hana mtoto. Nilikaa nao saa nzima, Hedi, na maneno waliyosemezana hayakuzidi kumi. "Uzi." "Huu?" "Mwingine." Mama hakuwa anatazama vazi. Alikuwa anamtazama yule mwanamke anavyoinama, anavyokata uzi kwa meno. Nami nikamtazama Mama machoni, macho yanang'aa kama ya mtu mwenye homa. Tulipotoka nikamwambia, "Mama, twende nyumbani Kef, hapa hapakufai." Akanijibu, "Ukinitoa hapa kabla ya siku zangu, Nejia, sitakusamehe." Mama! Ambaye hajawahi kuninyima msamaha hata nilipovunja taa ya marehemu bibi!

Kwa hiyo nimefanya ambacho ungeniambia nifanye. Nimemwandikia Baba leo hii. Nimemwambia yote: matembezi, nyumba ya mtarizi, vazi la Olfa. Nimemwomba aje mwenyewe atuchukue. Barua nimeitia posta kabla ya hii yako, na sasa naona nafuu kidogo.

Nejia


Mahdia, Alhamisi, 16 Agosti 1973

Hedi,

Barua yako ya tarehe kumi nimeipata asubuhi hii. Nimeisoma mara nne.

"Usimwandikie Baba." Nimekwisha mwandikia! Siku nne zimepita! Unajua nini ambacho mimi sijui? Kwa nini mnanifanya mtoto, wewe na Mama? Mimi ndiye niko hapa, mimi ndiye nahesabu kila akikohoa, na wewe uko Ufaransa unanipangia cha kusema kuhusu samaki.

Niandikie leo. Si kesho. Leo.

Nejia


Saint-Étienne, Jumamosi, 18 Agosti 1973

Nejia, dada yangu,

Nimeipata ile ya tarehe kumi na mbili. Kaa chini kwanza ndipo usome. Ningepiga telegramu, lakini telegramu husomwa na posta nzima.

Mwaka 1966, nilipokuwa natafuta hati zangu za kusafiria, Mama alinituma kwenye sanduku lake nitoe cheti changu cha kuzaliwa. Chini yake nikakuta karatasi nyingine imekunjwa mara nane. Hati ya talaka, ya Mahdia, ya mwaka 1935. Mbarka, ndilo jina la Mama, binti ya mtu wa Kef. Na jina la mtu huyo ni la babu yetu. Na mstari mmoja chini: mtoto wa kike, Beya, miaka mitatu, abaki kwa baba yake.

Nilipoinua kichwa Mama alikuwa mlangoni.

"Umesoma?"

"Nimesoma."

"Basi sahau kusoma."

Lakini baadaye alinieleza, mara moja tu. Babu alikuwa akipeleka ngano Mahdia na kurudi na mafuta ya zeituni. Akamwoza Mama kwa mtoto wa mfumaji hariri, Mama akiwa na miaka kumi na sita. Miaka minne baadaye mume akataka mwingine. Babu akaja kumchukua. Mtoto alikuwa amelala. Wakamwambia Mama atoke kabla hajaamka, ili kusiwe na kilio.

Baba alimwoa akijua. Alimpa sharti moja: mtoto yule asitajwe nyumbani kwake, wala asitafutwe. Siku utakayomtafuta, akamwambia, umetoka mlangoni mwangu. Mama akaapa. Nami akaniapisha. Ndiyo maana nilikuandikia upuuzi wa Monastir. Nilidhani nikiwaondoa mji huo, mambo yatapita.

Nejia, huyo mtarizi ni dada yetu. Mzuie Baba. Mwambie ulikosea, mwambie Mama amepona, mwambie wasichana wana surua. Na kama hawezi kuzuilika, basi mwonye Mama kabla hajafika.

Nisamehe. Nilikuwa nalinda kiapo, kumbe nakuchimbia shimo wewe.

Hedi


Kef, Jumanne, 28 Agosti 1973

Kaka Hedi,

Tumerudi. Mama hatukurudi naye. Nitakueleza kwa taratibu, maana nikikimbilia mwisho nitalia na karatasi italowa.

Barua yako ilifika Jumamosi asubuhi. Niliisomea uani, nyanya zikaungua jikoni. Baba alikuwa ameniandikia mstari mmoja tu, kwamba atakuja Jumapili. Nikasema moyoni, nina siku nzima. Hedi, sikuwa nayo. Saa sita mchana Baba alikuwa mlangoni, ndani ya koti lake la sufu, katika joto lile.

"Mama yenu yuko wapi?"

"Hamamu," nikasema. Ni neno la kwanza lililonijia.

Akakaa. Nikampa chakula, hakukigusa. Olfa akamwonyesha kombe alizookota, akazitazama moja moja, akasema nzuri. Saa nane. Saa tisa. Mwisho nikamwambia, "Baba, jinyooshe kidogo, mimi nakwenda kumwita." Nikatembea mpaka pembeni mwa nyumba, kisha nikakimbia. Nilikimbia na ndara moja, Hedi, ile nyingine ilikatika makaburini. Nilifika, nikasukuma mlango, nikasema, "Mama, Baba amekuja, toka upesi," na nyuma yangu sauti ikasema:

"Siku hizi hamamu ina mlango wa buluu?"

Alinifuata. Kama nilivyomfuata Mama, naye alinifuata mimi.

Mama alikuwa ameshika kitita cha uzi mikononi, Beya anauviringisha. Hawakuuacha. Ulibaki umetandazika baina yao.

"Mbarka," akasema Baba. Unajua yeye humwita Mama Hedi. Jina lake sikuwahi kulisikia kinywani mwake. "Chukua sefsari yako twende. Gari la Sousse linaondoka saa kumi na moja."

Mama hakuinuka. "Baba Hedi, huyu ni Beya."

"Sikuuliza ni nani."

"Ndiyo maana nakwambia."

"Tuliahidiana. Nilikuacha uje huku nione kama utaitunza ahadi."

"Nimeitunza miaka thelathini na sita. Hata hapa nimekuja zaidi ya siku ishirini na sijamwambia mimi ni nani. Mwulize mwenyewe."

Beya akachomeka sindano kwenye mto wake. "Kweli, hakuniambia," akasema. "Lakini ni mteja gani huja kila alasiri kutazama vazi la mtoto wa miaka tisa? Nilimjua siku ya kwanza. Aliposhika kitambaa niliona mikono yangu."

Mama akamgeukia. "Ukanyamaza?"

"Nilitaka nione utachoka lini. Wewe uliwahi kuondoka nikiwa usingizini."

Sijui nikuelezeje sauti aliyoitoa Mama. Haikuwa kilio. Ni kama ya mtu aliyechomolewa mwiba uliozama miaka. Baba naye alishtuka, nilimwona, lakini alikuwa amekwisha simama mlangoni na hakujua atarudije nyuma.

"Basi umechagua," akamwambia Mama.

"Sichagui, Tahar. Nimechaguliwa la kufanya mara mbili, na baba yangu, kisha na wewe. Leo nakaa tu. Dunia nzima inaniita Mama Hedi na mimi naitika. Lakini mtoto wangu wa kwanza si Hedi."

Halafu Beya, ambaye hana deni lolote la wema kwa mzee yule, akaenda mtungini akamletea maji. "Umetoka mbali, mzee. Kunywa." Baba akalipokea lile bilauri. Hakunywa. Alilishika kitambo, kisha akaliweka dirishani taratibu sana, kama kitu cha mtu, akatoka.

Ilibidi nirudi naye, mimi na wasichana. Nilimwacha Mama kwenye kigoda kile kile, anakohoa. Tulipofika Kairouan Baba akauliza, bila kunigeukia:

"Ana watoto?"

"Nani, Baba?"

"Huyo."

"Hana. Mumewe amefariki."

Akatazama dirishani mpaka nyumbani.

Hedi, mimi ndiye niliyemwita. Mimi ndiye niliyemwongoza mpaka mlangoni. Sasa nyumba yao ina mzee mmoja anayechemsha yai.

Nejia


Kef, 23 Septemba 1973

Hedi,

Nimepata barua zako tatu. Acha kunifundisha dini, nilikufundisha mimi.

Mama yako yuko kwa watu, anatibu kifua. Ndivyo nilivyowaambia majirani na ndivyo utakavyosema wewe. Kwa hakimu sijaenda na sitakwenda. Nejia huja kupika Jumatatu na Alhamisi. Chumvi inamzidi mkono.

Kama unaandikiana nao, nijulishe jambo moja tu. Bado anakohoa?

Baba yako,
Tahar


Mahdia, 18 Ramadhani

Baba Hedi,

Anayesema ni mimi, anayeandika ni Beya. Nimemwambia aandike kila neno, hata asilolipenda, naye amekubali kwa shingo upande.

Sijawahi kufunga Ramadhani mbali nawe tangu tuoane. Nani anakuamsha kula daku? Hedi ameniandikia kwamba unauliza kikohozi. Kilipungua, sasa pepo za bahari zimebadilika, kimerudi. Usiwaambie watoto.

Huku si peponi, usidhani. Tunagombana. Juzi aliniuliza kwa nini sikuja alipougua surua akiwa na miaka saba. Nikamwambia niliogopa. Akasema, "Miaka yote hiyo?" Nikamwambia, miaka yote hiyo. Akaondoka akalala kwa jirani. Asubuhi akarudi na mkate, tukanyamaza, tukaendelea.

Wewe hukunipiga, hukuninyima. Ulinipa nyumba nilipokuwa sina pa kuweka kichwa, na kwa hilo nakuombea mchana na usiku. Lakini ulinipa nyumba yenye chumba kimoja kilichofungwa, na mimi nimezeeka nikipita mbele ya mlango huo kwa ncha za vidole. Nimechoka, Tahar.

Nataka kurudi nyumbani. Kwa kujificha sirudi. Jumapili ya pili baada ya Idi tutapanda gari, mimi na yeye. Ukiwa hututaki, tuma neno, tutabaki. Usipotuma, nitakuja sijui ulilonalo moyoni. Nitakuja naogopa, lakini nitakuja.

Mbarka

Nimeandika yote aliyosema. Hilo la mimi kuja, sijalikubali bado. B.


Kef, Jumanne, 13 Novemba 1973

Kaka Hedi,

Baba hakutuma neno. Barua alinionyesha, kwa sababu macho yake hayaoni vizuri mwandiko mdogo na alitaka nimsomee tena, halafu tena. Kisha akaitia ndani ya koti. Kila nilipomwuliza, "Baba, tutafanyaje?" alijibu, "Mvua imechelewa mwaka huu."

Mvua ilikuja Jumapili yenyewe. Asubuhi Baba alinyoa ndevu. Saa saba aliteremka kituoni, na gari ni la saa kumi. Nami nikateremka nyuma yake, nikajibanza chini ya paa la duka la mikate. Naona ukoo wetu umezaliwa kwa ajili ya kufuatana.

Saa kumi gari halikuja. Saa kumi na moja, bado. Watu wakaanza kusema njia ya Kairouan imekatika kwa mafuriko. Nilimwona Baba akienda kwa karani, akirudi, akienda tena. Mimi nilikuwa na mawazo mawili tu: kwamba wamesombwa na maji, au kwamba wanakuja, na yeye amengoja hapo ili awarudishe mbele ya watu.

Jioni gari likafika. Akashuka Mama, amekonda, Hedi, sefsari inamwelea. Baada yake hakushuka mtu. Mama akageuka akatazama mlango wa gari. Dereva akapiga honi. Ndipo Beya akashuka, ameshika bunda lake kwa mikono miwili, uso umekauka kama wa mtu anayeingia kituo cha polisi.

Watatu wakasimama mvuani, hapana anayesogea. Na ni nani apite hapo, katika watu wote wa Kef? Salah wa mkahawani, mwenye mdomo usiofungwa.

"Mama Hedi! Alhamdulillahi, umerudi! Umepona? Na huyu mgeni, Mzee Tahar, ni nani?"

Baba alikaa kimya. Nilihesabu. Nilifika tisa.

"Dada mkubwa wa Hedi," akasema. "Na mvua inanyesha, Salah. Tupishe."

Kisha akanyoosha mkono kulichukua bunda. Beya hakuliachia. Baba naye hakuliachia. Basi wakapanda kilima chote wamelishika wote wawili, hapana anayemtazama mwenziwe, na Mama nyuma yao anakohoa na kucheka, anakohoa na kucheka.

Usifurahi sana. Kikohozi si kile tulichokizoea. Baba amehamisha kitanda karibu na jiko la makaa, na daktari amekuja jana. Hakusema mengi. Akitoka alimwuliza Baba kama watoto wote wako hapa. Omba likizo, Hedi. Usingoje kiangazi.

Nejia


Kef, 3 Desemba 1973

Kwa Hedi,

Hatujuani, na barua ya kwanza ni kazi ngumu kuliko kola ya bibi harusi. Nejia anasema wewe ni mcheshi. Mimi siyo. Nitasema yaliyopo.

Umeniandikia vizuri, lakini umeniuliza kama nimesamehe kama mtu anayetaka kufunga faili aende nyumbani. Sijui. Kuna asubuhi naamka nimesamehe, na kufika adhuhuri nimekasirika upya. Nilikuja hapa kwa siku tatu, leo ni ya ishirini na tatu. Baba yako hasemi nami zaidi ya salamu. Lakini amegundua nakunywa chai kwa sukari nyingi, na bakuli la sukari sasa huwekwa upande wangu. Nalitazama na sijui nifanye nini nalo, kwa hiyo natia sukari.

Kifua cha mgonjwa wetu kimepungua kidogo tangu Alhamisi. Daktari anasema tuuvuke msimu wa baridi kwanza, ndipo tuzungumze. Hawezi kukaa kitandani. Tukimgeukia tu, yuko jikoni. Nejia amesema umepata siku kumi kuanzia tarehe ishirini. Njoo nazo zote.

Kuna jambo la juzi ambalo sijamwambia mtu hapa, nakwambia wewe kwa sababu uko mbali. Nyumba ilikuwa kimya, Nejia amewapeleka wasichana shule. Nilikuwa natarizi karibu na dirisha, nikakosa mkasi. Nikaita, "Mama!" Lilinitoka tu. Neno hilo sijamwita mtu tangu nikiwa na miaka mitatu. Akanijibu kutoka jikoni, "Naam, Nejia, nakuja."

Nilibaki na sindano mkononi. Ningeweza kunyamaza, nikatafuta mkasi mwenyewe, na asingejua kamwe.

Nikaita tena.

Beya